Kasuku wa Lewiston

Kwenye ubao wa Ouellette, wa kuachiana ujumbe kwa kompyuta, mjini Lewiston, hakuna aliyekuwa na maneno kama Kasuku. Ukiandika jambo la kipuuzi jioni, asubuhi unakuta amekwisha kukuchana, na umecheka mwenyewe kabla hujakasirika. Watu walipiga simu kwa kompyuta zao nyumbani kwa Ouellette, kompyuta yake ikaipokea ya kwao kwa mluzi na mkwaruzo, wakasoma yaliyoandikwa na wenzao, wakaacha ya kwao, wakatoka ili mwingine apate laini. Laini ilikuwa moja. Wengi walikiri kwamba kitu cha kwanza walichokitafuta ni Kasuku kasema nini leo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Normand Thibodeau, mkata ngozi kwenye kiwanda cha viatu, naye alikuwa na kigugumizi kibaya. Si kile cha kurudia neno mara mbili tatu likatoka. Chake kilimkaba koo, shingo ikajaa mishipa, na macho yakamtoka mpaka aliyekuwa mbele yake akaangalia pembeni kwa huruma. Kiwandani walimzoea, maana mashine zilipiga kelele na kila mtu aliongea kwa mikono. Dukani alinyoosha kidole. Mama yake alipokuwa hai ndiye aliyemsemea kila kitu, na alipofariki Normand akabaki na nyumba iliyonyamaza. Ndipo aliponunua kompyuta kuukuu kwa jirani aliyekuwa anahama.

Kati ya watu wa ubao, Normand alimpenda zaidi aliyejiita Mama Karoti. Huyu alikuwa Claudette Gagne, mjane aliyepika kwenye shule moja ya msingi. Alikuwa na mdomo mkali kama wa Kasuku, na wakaanza kutaniana.

"Kasuku, wewe una mke kweli? Au alikukimbia kwa domo lako?" aliandika siku moja.

"Alikuwepo. Akaonja supu yako, sasa yuko mbinguni," Kasuku akajibu.

Miaka ikapita hivyo. Polepole utani ukachanganyika na mambo mengine. Normand alimwandikia habari za mama yake. Claudette akamwandikia habari za mumewe, na za ugonjwa wa sukari uliokuwa umeanza kumsumbua miguu. Kuhusu koo lake, Normand hakuandika hata neno.

Kiangazi kimoja watu wa ubao wakakubaliana kukutana ufukweni mwa ziwa la Sabattus, wale soseji nyekundu na waonane sura. Normand alinyoa ndevu, akapitia dukani kununua mfuko mkubwa wa barafu ili asifike mikono mitupu. Alipokaribia meza, mwanamke mnene mwenye kofia ya majani akamgeukia.

"Afadhali umefika, kaka. Iweke pale kivulini, soda zinachemka."

Normand akafungua mdomo aseme yeye ni nani. Herufi ya kwanza ikamkwama. Watu wakaanza kumtazama, na yule mwanamke akatabasamu lile tabasamu la huruma alilolijua tangu utoto. Akaweka barafu kivulini, akarudi garini. Nyuma yake alimsikia akiuliza, "Sasa huyu Kasuku wetu yuko wapi? Mimi nimekuja kwa ajili yake."

Jioni ile akaandika kwamba gari lilimharibikia njiani. Mama Karoti akajibu kwa mstari mmoja tu: "Mwongo. Lakini nimekusamehe."

Baadaye macho ya Claudette yakaanza kufifia. Kwanza aliomba watu waandike kwa ufupi. Kisha ukaja ujumbe uliochapwa na binti yake, Rachelle: mama haoni tena, anawasalimu nyote, na anamwomba Kasuku ampigie simu kwa sauti. Namba ilikuwa chini yake.

Normand alikaa na ile namba wiki nzima. Alifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, na kule bafuni maneno yalitoka vizuri. Jumamosi, baada ya kula maharage yake, akapiga.

"Haloo?" Sauti ya Claudette ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka kutoka ziwani. "Haloo, nani mwenzangu?"

Koo likafunga. Hewa ikatoka kwa mikato, bila neno.

"Nyie watoto, kama mnataka kunitisha, mimi ni kipofu na nina sukari. Katafuteni mwingine." Simu ikakatwa.

Akapiga tena, ikakatwa tena. Mara ya tatu hakuna aliyepokea.

Alikaa jikoni mpaka chai ikapoa. Halafu akatafuta anwani ya Gagne kwenye kitabu cha simu, akavaa koti, akaendesha gari hadi mtaa wa Claudette. Rachelle alifungua mlango, akamtazama akihangaika, akasema kwa upole, "Samahani, baba, hatununui kitu leo."

"Mwache," sauti ikasema kutoka ndani. "Huyo ndiye aliyekuwa anapiga. Naijua pumzi hiyo. Mlete hapa."

Claudette alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amegeuza uso upande wa mlango. Normand akasimama mbele yake.

"Ka," akasema. "Ka... ka..."

Claudette alingoja. Hakummalizia, wala hakuwa na macho ya kutazamia pembeni.

"...Kasuku."

Claudette akauliza, "Na ziwani, ulikuja?"

"Ba... barafu."

"Mungu wangu. Yule wa barafu." Claudette akafunika mdomo kwa mkono. Normand alidhani anacheka, kumbe amekasirika. "Nilikuwa ninakuona wakati ule. Nilikuwa na macho, Kasuku. Umeninyima sura yako, sasa unaniletea wakati sina cha kuitazamia."

Rachelle akaleta kiti.

Tangu siku ile Normand alikwenda kwake kila Jumapili. Sentensi moja ilichukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, na Claudette aliingoja yote. Hasira ile haikumtoka kabisa. Siku nyingine alimtania, siku nyingine alimwambia tu aende zake. Wakapata majira mamoja ya baridi hivyo. Theluji ilikuwa haijaanza kuyeyuka Claudette alipofariki.

Mazishini Normand alikaa benchi la nyuma. Ouellette, mwenye ubao, hakumtambua.

Wapigaji simu wa ubao walikuwa wamepungua. Vijana walikuwa wamehamia kwenye mtandao mkubwa, na siku zikapita laini ya Ouellette haijalia. Akaufunga ubao bila sherehe. Normand aliposikia, alikwenda kwenye duka la Ouellette la vifaa vya ujenzi akiwa na swali ameliandika kwenye karatasi: je, yale maandishi ya zamani bado yapo?

Ouellette alisoma, akakuna kichwa.

"Nilifuta yote, kaka. Mashine nimewapa kanisa, watoto wanachezea michezo. Sikujua kuna mtu angeyataka." Akamtazama vizuri. "Wewe ulikuwa nani kule?"

Normand akajaribu. Mteja mwingine akaingia na mbao begani, akaulizia misumari, na Ouellette akamwomba Normand asubiri kidogo. Alisubiri kidogo, kisha akaondoka.

Mpwa wake alimuunganishia huo mtandao mkubwa. Aliingia kwenye chumba cha maongezi chenye watu kutoka dunia nzima, akaandika utani mmoja, wa aina ambayo Mama Karoti angeujibu papo hapo. Maneno ya wengine yakausukuma juu, ukapotea kwenye kioo cha kompyuta kabla mtu hajausoma. Aliuandika tena. Mtu akamuuliza umri wake, hakuuliza kingine.

Akazima. Kazini aliendelea vizuri, mikono yake haikuwa na tatizo. Taabu yake ilikuwa Jumapili.