Nyumba Iliyoachwa Chini ya Barabara

Mpaka leo nikisikia harufu ya moramu, ule udongo mwekundu wa barabara, iliyomwagiwa maji, nauona mtaa wetu wa Shanwe ulivyokuwa msimu ule kabla ya mvua, greda likinguruma tangu asubuhi na sisi watoto tukilifuata kama harusi. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, na kuingia ndani ulipanda ngazi mbili. Chumba cha mbele, kilichotazama barabara, ndimo mama alimokuwa akishonea. Baba alikwisha kufariki, na cherehani ile ndiyo iliyotulisha. Mama alifurahi kama sisi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema, akiwaza wateja watakaofika bila kukanyaga tope.

Lakini mafundi hawakuikwangua barabara ya zamani. Walimwaga moramu mpya juu yake, wakashindilia, wakamwaga tena, na mtaro hawakuchimba. Ngazi ya kwanza ikafukiwa, kisha ya pili. Jirani yetu alicheka kwamba sasa mama kapunguziwa kazi ya kupanda. Siku mkaguzi wa barabara alipokuja hakushuka garini, aliteremsha kioo tu. Mama alimfuata, tepu yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Baba, mvua ikinyesha, haya maji yatapita wapi?"

"Mama, gari si linapita? Nyie wa Shanwe hamridhiki."

Kioo kikapanda, gari likaondoka. Nilimchukia mtu yule, na sidhani kama nimeacha.

Mvua ilipofika, mlango wetu ndio ukawa mtaro. Tulipanga viroba vya mchanga, tukachota maji kwa sufuria na mabeseni, lakini tofali bichi likilowa halina ubishi. Ukuta wa mbele ulilala chini, na chumba cha kushonea kikaenda nao. Cherehani tulikuwa tumeiwahi. Mama aliihamishia chumba cha nyuma tulikokuwa tukilala, na wateja wengi wakapotea kwa sababu hawakumwona tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa hatukuwa nao, ila ukuta tuliujenga, na ulituchukua miaka.

Hivi karibuni nilirudi nikakuta barabara ile inawekwa lami. Moramu ya zamani iko palepale, juu yake kokoto, juu yake lami, na mtaro umechimbwa upande wa pili tu. Nilimuuliza msimamizi, akanijibu kwa adabu kwamba wao wanafuata mchoro. Nikamuulizia mkaguzi wa kazi hii, nikaambiwa alishapita. Utotoni nilipanda kuingia kwetu. Siku hizi nashuka, kwa ngazi ambazo mama amezichimba mwenyewe kwenye udongo. Jioni mteja alipiga hodi kutoka barabarani, na mama, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, akamjibu anavyowajibu wote: "Karibu, shuka." Kisha akanigeukia.

"Kesho kabla hujaondoka, mwanangu, niongezee ngazi moja. Lami hawajamaliza."