Zoezi la Mafuriko Hotelini

Kuna mama aliniomba gari la kumkimbiza mwanawe hospitali, mimi nikampa alama saba kwa kumi.

Sitanii. Nasimulia kama ilivyotokea.

Shirika letu la misaada lilituchagua watu ishirini, eti viongozi wa kesho. Tukawekwa hotelini siku tano tufundishwe kuongoza. Somo la kuwasikiliza waathirika tulilipata kwenye kiyoyozi, tunatafuna biskuti.

Siku ya nne ikawa zoezi la mafuriko. Mkufunzi akasema watakuja waigizaji, wajifanye wamekimbia makwao. Mimi nikavishwa fulana ya njano, nikaitwa mratibu wa dharura, nikapewa na daftari la kuwapa alama waigizaji na wenzangu. Kichwa kikavimba.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Saa nne mama mmoja akaingia getini, kalowa chapachapa, mtoto mgongoni.

"Kaka, nisaidie. Mtoto kapata degedege mara mbili tangu asubuhi. Naomba gari."

"Dada, jaza fomu kwanza. Halafu ongeza sauti kidogo, wa nyuma hawakusikii."

Akanitazama kama anayetazama mwendawazimu.

Dereva wetu, tuliyemwita Mzee Kimya, akamgusa mtoto shingoni. "Bosi, huyu anaungua kweli."

"Mzee, usituharibie zoezi. Wewe hukuchaguliwa."

Akampakia mama garini, akaondoka bila kibali. Nikaandika: mama, saba kwa kumi. Dereva, utovu wa nidhamu.

Nusu saa baadaye mkufunzi akapigiwa simu. Waigizaji wamekwama ng'ambo ya daraja, maji yamelifunika.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mtoto alipona. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine.

Sasa sikia. Ijumaa nikatangazwa mshiriki bora, kwa "kudumisha utulivu wakati wa dharura". Wiki iliyofuata nikapandishwa cheo, nikawa mkuu wa Mzee Kimya.

Mezani nikakuta barua yake ya onyo kali: kutumia gari bila kibali. Ushahidi ulikuwa maandishi yangu mwenyewe. Ilingoja saini ya bosi mpya.

Nilisaini. Niliogopa kupoteza kiti ambacho hata sijakizoea, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Basi ninyi mnaotafuta viongozi wa kazi ya misaada, acheni kukodi hoteli. Fungueni faili la barua za onyo, wamejaa humo.