Banda Ambalo Halikuwa Shule

Harufu ya pareto inayokaushwa hunipandisha hasira mpaka leo. Hukwaruza koo, huwasha macho, na papo hapo niko tena Keringet miaka ya hamsini, msichana mdogo mwenye kikapu cha maua kiunoni, katika shamba la mlowezi tuliyemwita Bwana tu. Bwana hakuwa mwema. Aliogopa vibarua wasije wakahama. Kwa hiyo mama na wanawake wenzake walipomsihi, alikubali kutoa banda kuukuu la pareto liwe shule: asubuhi tusome, mchana tuchume maua. Wanawake walilikandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe, wakapanga magogo ya kukalia. Nilitaka shule ile kuliko chakula.

Walowezi jirani walikuja juu. Mwafrika akijua kusoma, walisema, hatashika jembe tena. Hao tuliwajua. Lakini Jumapili alifika mjomba, kaka yake mama, fundi wa reli huko Nakuru na mtu wa chama cha wafanyakazi. Aliwakusanya wanaume nyuma ya nyumba yetu, kimyakimya, maana mikutano ilikatazwa.

“Shule ya mkoloni ni pingu,” akasema. “Ati mtoto afanye kazi ndio asome? Tukatae mpaka watupatie shule kamili.”

Mama akatoka jikoni. “Mtoto akilia njaa, utamwambia angoje karamu?”

“Dada, wewe siasa huielewi.”

“Na watoto wako, si wanasoma kwa wamisheni?”

“Hayo ni mambo mengine,” mjomba akajibu, na wanaume wakatikisa vichwa kukubali.

Jumatatu niliketi juu ya gogo peke yangu. Bwana alichungulia mlangoni, akasema, “Hata wenyewe hawataki,” akaonekana kufurahi kwamba sasa majirani wangemwacha. Kufikia jioni banda lilikuwa limejaa magunia. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Uongo! Fahali wangu hawakupigana hata kidogo. Walichukiana, lakini kuhusu banda lile walikubaliana kabisa.

Kuandika nimejifunzia gumbaru, darasa la watu wazima, nina wajukuu tayari, vidole vimekakamaa. Siku hizi wanasiasa huja hapa na misimamo yao, wengine wa kushoto, wengine wa kulia, wote wakituambia tuvumilie. Vijana hushangilia. Mimi huinua mkono na kuuliza lile lile aliloliuliza mama: watoto wako wanasoma wapi? Bado naambiwa hayo ni mambo mengine.