Kompyuta ya Vichwa Viwili

Pale Vulamba, mjini Butembo, mtu akifa, kabla ya jeneza kununuliwa tayari kuna aliyekimbia kwa Hulda akiwa na simu mkononi. Ndani ya simu marehemu anacheka kwenye harusi, au amebanwa nyuma ya watu, na kazi ya Hulda ni kuutoa uso huo, kuukuza na kuusafisha hadi ufae kuwekwa kwenye msalaba wa kaburi. Kufa kufaana, na Hulda hakuona haya kusema kwamba methali hiyo ndiyo iliyomlisha. Kazi yenyewe aliifanya sebuleni, kwa kompyuta moja kuukuu na betri ya sola, tangu alipokimbia Mulekera, kule Beni, miaka mitatu iliyopita.

Alikimbia peke yake. Mumewe, Muyisa, alikwenda shambani asubuhi kuvuna kakao. Washambuliaji wakapita njia hiyo, naye hakurudi, wala mwili haukuonekana. Tangu siku hiyo pikipiki ikisimama nje, moyo wa Hulda ulimruka. Akikuta ni mteja tu, alimchukia mteja huyo kwa dakika nzima, kisha akampa kiti.

Mwaka huu mama mkwe wake, Berthe, alichoka kungoja. Alitaka misa ya matanga, na picha ya Muyisa mbele ya altare.

"Mutoto wangu," alimwambia, "batoto ya benzako unabatengenezea sura. Huyu wangu je?"

Picha ilikuwepo, moja tu. Muyisa alionekana kwa mbali, uso wake mdogo kama punje ya haragwe. Kuikuza kulihitaji saa sita kwenye kompyuta ile, na betri ilikufa baada ya saa tatu. Kila mara kazi ilikatikia njiani, na Hulda akailaumu mashine. Angeweza kuibeba hadi kwa jirani mwenye jenereta. Hakuna aliyemuuliza kwa nini haibebi, naye hakutaka kujiuliza.

Ndipo Kitsa, muuza kompyuta za mitumba, alipomwita dukani. Berthe akamfuata nyuma, asije akageuka njiani.

"Mama Hulda, hii iko na processeur mbili, ni vichwa mbili," alisema Kitsa. "Ni sawa bamama babili banatwanga sombe mu kinu moja."

"Na kama moja analala?"

"Kama programme haijue kugawa kazi, ndiyo, moja analala na unalipa bure. Mais ya kwako inajua."

Hulda akasema bei ni ghali mno, ni akiba yake yote ya kujenga. Akasema vichwa viwili vitakula umeme maradufu. Kitsa akamjibu kwamba vitakula sana lakini vitamaliza upesi, na betri yake itatosha. Visingizio vikamwishia. Aliogopa, na alijua anachoogopa: siku uso ule utakapotoka, Muyisa atakuwa amekufa.

"Leta picha, tujaribu hapa hapa," alisema Kitsa.

Ilichukua dakika arobaini. Feni ilivuma, Berthe akasali rozari, na uso ukatoka.

Alikuwa mwanamume mzuri, ngozi laini, macho yote mawili yakimtazama Hulda. Hakuwa Muyisa. Punje ya haragwe haina kope, na mashine, ilipokosa macho, iliyabuni. Jambo hilo Hulda alilijua siku zote. Aliwaambia wateja kwamba amesafisha tu, nao wakalia, "Ni yeye!", wakalipa. Je, ni wageni wangapi aliowasimamisha juu ya makaburi ya watu?

"Ni yeye," alisema Berthe, akipapasa kioo huku machozi yakimtiririka. "Wasingya, asante, mutoto wangu. Ni yeye kabisa."

Hulda alifungua mdomo aseme hapana. Macho ya Muyisa yalikuwa... Akatafuta neno. Jicho lake moja lilikuwa dogo kuliko jingine; lilikuwa la kushoto au la kulia? Akafumba macho ili amwone mumewe, kama alivyomwona kila siku kwa miaka mitatu. Aliyekuja ni yule wa kwenye kioo.

"Donc, unabeba mashini?" Kitsa aliuliza.

"Hapana. Mupatie mama picha yake."

Jumapili Berthe aliishika picha kifuani, na kanisa zima likamtambua mwanawe. Hulda alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Mulekera. Wanawake wakamshika mabega, wakanong'onezana kwamba afadhali, sasa amekubali. Hawakujua kwamba alikuwa akimlilia mtu ambaye hata sura yake haikumbuki tena.