Kompyuta Zilizopumzika Saa Sita

Mellen Wangwe alianza kulichukia bonde la Lambwe kabla hajalikanyaga. Alilijua kwenye kioo cha kompyuta tu, limegawanywa vipande kama keki ya harusi, na kila jioni vipande vilevile vilimrudia bila kitu.

Mwaka ulikuwa 1998. Mellen, mzaliwa wa Kehancha, alikuwa fundi wa kompyuta katika tawi dogo la chuo kikuu mjini Migori. Wakubwa wa Nairobi walikuwa wamempa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya pande zile: kuziunganisha kompyuta za Migori na za tawi la Homa Bay kwa laini ya simu, zifanye hesabu moja kwa pamoja. Hesabu yenyewe ilikuwa ramani ya mbung'o wa Lambwe, wale inzi wanaouma ng'ombe na kuwaua polepole. Ilikuwa kubwa mno kwa mashine moja. Hivyo kompyuta kuu, iliyokaa Migori, iliikata vipande, ikawapelekea Homa Bay vyao asubuhi, kisha jioni ikangoja majibu.

Ramani ikikamilika kabla ya wageni wa Nairobi kuja mwezi wa Novemba, huduma ingebaki na kupanuliwa. Isipokamilika, kompyuta kuu ingerudi ilikotoka, na Mellen, ambaye mkataba wake ulifungamanishwa na mashine hiyo, angerudi Kehancha kufundisha watu kupiga taipu.

Vipande vya Migori vilikwenda vizuri. Vya Homa Bay havikusogea. Kila kimoja kilihitaji mchana kutwa, na programu kutoka Nairobi haikujua kushika pale ilipoishia. Mashine ikizimwa katikati ya kazi, kesho yake inaanza upya, kana kwamba jana haikuwepo. Mellen alishuku stima.

"Stima imepotea tena?" alimwuliza Pamela kwa simu. Pamela ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha kompyuta kule Homa Bay.

"Stima iko, Madam. Wiki hii haijapotea hata kidogo."

"Basi mashine zina nini?"

"Hazina kitu. Zimepumzika."

Mellen alidhani ni mzaha, na hakuwa na hamu ya mzaha. Alibadilisha modemu. Alibadilisha waya. Aliwaomba Nairobi wakate vipande vidogo zaidi, wakamjibu kwamba programu haina shida, aangalie upande wake. Joash, mwenzake wa ofisini, alimtazama siku nyingi akihangaika, mwishowe akamwambia, "Mguu ndio unauma, wewe unatibu kichwa. Si uende Homa Bay uone kwa macho?"

Alifika Oktoba, jua likiwa utosini. Akavua viatu mlangoni, kwa maana hiyo ilikuwa sheria ya chumba kile, akaingia. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Kila kompyuta ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye ukingo wa buluu, kama makochi ya sebuleni yanavyofunikwa wageni wakiondoka.

"Nani amezima?"

"Mimi," Pamela akasema. "Saa sita imefika."

"Na nani alikuambia uzime saa sita?"

Pamela alimshangaa. "Si ni wewe, Madam."

Hapo Mellen akakumbuka. Mwezi wa Mei alikuwa amesimama katika ukumbi wa tawi lile kuwaeleza walimu mpango mzima. Alipoona wengine wameanza kusinzia, akaacha maneno ya vitabuni. "Ni saga tu," aliwaambia. "Kila mtu analeta jembe lake, tunalima shamba moja." Waliamka. Walipiga makofi. Saga waliijua, ile kazi ya kuitana mashambani. Wakuria, watu wa Mellen, nao wanayo, na jina lake kwao halitofautiani sana. Mellen aliuonea fahari mfano ule njia yote ya kurudi Migori. Lakini alisahau jambo ambalo hata mama yake angemkumbusha: watu wa saga hutoka shambani jua likikaza. Ukiwashikilia mpaka jioni, hawarudi kwako tena.

Kelele zilimtoa ofisini Mwalimu Clifford Osodo, mkuu wa tawi.

"Nyar Kuria!" akamwita, binti wa Kuria. "Umekuja kulima mwenyewe?"

"Mwalimu, mashine hazichoki."

"Sawa, hazichoki. Lakini saga uliiita wewe, na aliyeita hulisha. Sisi tumekula nini?"

"Ule ulikuwa mfano tu, Mwalimu."

"Tena mfano mzuri. Ndiyo maana tuliuelewa."

Walimu waliokuwa wamejaa mlangoni wakacheka. Osodo hakucheka nao.

"Halafu kuna zamu. Tumelima kwenu tangu Mei. Kwetu mtakuja lini? Mwalimu Lynnet huyu ana rekodi za samaki wa Rusinga za miaka mingi. Anazijumlisha kwa kikokotoo."

"Na vidole," Lynnet akaongeza.

"Lambwe si shamba langu," Mellen akasema. "Ni la Nairobi."

"Basi Nairobi ndiye atulishe. Simu ile pale."

Mellen alipiga, Osodo akiwa amesimama karibu. Mtu wa Nairobi alimsikiliza, kisha akamweleza kwa adabu kwamba mpango ni wa Lambwe peke yake. Maombi mengine yangefikiriwa baada ya tathmini.

"Baada ya mavuno," Osodo akasema simu ilipowekwa.

"Mwalimu, nakuomba mwezi mmoja tu. Ziacheni mpaka jioni."

"Nikifanya hivyo bila zamu, walimu wangu watasema nimewauza. Nitakuongezea saa moja, kwa sababu umekuja mwenyewe."

Saa moja haikufaa kitu, na alipomweleza hivyo, Osodo alikunja uso kama mtu aliyekataliwa zawadi. Mellen aliondoka amemkasirikia yeye, amewakasirikia Nairobi, na zaidi ya wote amejikasirikia, maana kila neno alilopigwa nalo lilitoka kinywani mwake.

Novemba wageni walifika Migori. Mellen akaitandaza ramani mezani. Upande mmoja ulikuwa na rangi, uliobaki ulikuwa mweupe.

"Huku hakuna mbung'o?" mgeni mmoja akauliza.

"Huku hakuna majibu."

Alijaribu kueleza habari za saga na zamu. Mgeni alitikisa kichwa kwa huruma, akauliza kwa nini hakutoa amri kimaandishi. Kabla ya chakula cha mchana kompyuta kuu ilikuwa imeviringishwa blanketi na kulazwa nyuma ya gari.

Gari lilipotoka langoni simu ikalia.

"Madam," Pamela akasema, "leo hatujazima. Mwalimu amesema tuziache mpaka jioni, wageni wasije wakatuona watu wabaya. Lakini zinakaa tu. Kazi iko wapi?"

Mellen alitazama meza. Pale ilipokuwa mashine palibaki mraba msafi, vumbi likiuzunguka.

"Kazi imeondoka kwa gari sasa hivi."

"Na hizo zenu za Migori?"

"Zimekaa bure, kama zenu."

"Basi Lynnet si alete samaki wake kwa disketi?"

Mkataba wa Mellen ulikuwa bado unadumu mpaka mwisho wa mwezi. Alikuwa na neno mdomoni ambalo Pamela asingelisahau maisha yake yote. Alilimeza.

"Mwambie alete. Programu nitaiandika mwenyewe. Tutagawana, na vipande vitakuwa vidogo. Kila kimoja kiishe kabla ya saa sita."

"Asante, Madam. Na kwa kuwa safari hii sisi ndio tumeita, nitawaletea samaki, ngege wa kukaanga."

Pamela akacheka. Mellen hakucheka. Aliweka simu chini, akavuta kiti mbele ya mashine ya kwanza, akaiwasha.