Maneno Ambayo Hayakuwemo kwenye Filamu

Mtaani walimwita Redio, naye jina hilo alilivaa kama cheo. Kazi yake ilikuwa kusimama na maikrofoni kando ya televisheni, katika banda lake la mabati lenye mabenchi kumi na mawili, akiwatafsiria watu filamu za ngumi kutoka nchi za mbali. Kutafsiri gani! Lugha ya filamu zenyewe hakuijua hata neno moja. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza, lakini kusoma kulimchosha, basi akawa anatunga. Mtu akifungua tu mdomo kwenye filamu, Redio anamtilia maneno ya damu, na watoto, wengine hata meno ya mbele hawajaota, wanashangilia mpaka mabati yanatetemeka. Akina mama waliokwenda kumlalamikia aliwajibu kwamba yeye ni mkalimani tu, wenye hasira wawatafute waliotengeneza. Akarudi zake kupiga domo.

Binti yake alikulia kwenye benchi la mbele. Wenzake wakiimba nyimbo za shule, yeye anakariri vitisho vya baba yake, na baba mtu anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mtoto ana kipaji, anasema.

Kipaji kilionekana mwaka ule alipoingia kidato cha pili. Aligombana na mwenzake kwa sababu ya kiti, akamshika mkono, akaubana kwenye mlango wa darasa. Hakubana mara moja kwa hasira, ambayo ungeweza kuielewa. Alibana mara tatu, taratibu, huku akitoa sauti nzito: "Tunaanza na vidole. Kimoja kimoja, ulijue jina langu." Vidole viwili vilivunjika. Aliyeumizwa alikuwa binti wa mwanamke mmoja fundi cherehani, na jioni alikuwa akimsaidia mama yake kutia vifungo.

Mwalimu mkuu, mama mmoja asiye na mchezo, akaita mzazi wa kila upande. La kuamuliwa lilikuwa moja: binti wa Redio asimamishwe wiki mbili, au afukuzwe kabisa. Redio akaja amevaa koti, kompyuta kwapani, binti yake nyuma. Akamsalimu fundi cherehani juu juu, pole hakumpa. Hoja yake alikuwa ameipanga vizuri: maneno yale si ya mtoto, ni ya filamu, mtoto amekariri tu, na ushahidi anao.

Akafungua filamu mezani, akaipeleka mbele mpaka pale jambazi mkuu anapomshika adui yake mkono mlangoni.

"Sikilizeni wenyewe," akasema, kama aliyekwisha kuyaamini maneno yake mwenyewe. "Hapa ndipo anaposema tunaanza na vidole."

Mwalimu mkuu akavaa miwani. Akasoma maandishi, akarudisha nyuma, akasoma tena. Kisha akayatafsiri polepole, kama anayemsomea mtoto imla.

"Namwachia mkono. Ana watoto wadogo."

Na kweli, kwenye picha yule mtu aliuachia mkono, akageuka, akatoka nje. Bandani, hapo Redio alikuwa akiwaambia watoto kwamba anakwenda kuchukua nyundo.

Redio akajaribu kusema watazamaji wanapenda, biashara ni ushindani, lakini sauti ile iliyojaza banda miaka yote ilitoka nyembamba, ya kutia kichefuchefu. Fundi cherehani alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Mwalimu mkuu akaandika barua papo hapo: binti amefukuzwa. Baba naye akaambiwa aichukue kompyuta yake na ushahidi wake, aondoke. Angekuwa na uwezo wa kumfukuza yeye badala ya mtoto, angefanya hivyo bila kupepesa jicho, na mimi ningempigia makofi.

Binti alikuwa amesimama ukutani muda wote, hajalia. Macho yake hayakutoka kwenye picha ya yule mtu anayeondoka. Mwishowe akamgeukia baba yake.

"Na zile filamu nyingine zote, baba," akauliza, "walikuwa wanasema nini?"

Redio alifunga kompyuta. Hakujua hata moja.