Tupa Niliyokwenda Kuazima

Mwaka ule nyani walikula ulezi wa kijiji kana kwamba na wao wameandikishwa ujamaa. Nilikuwa bwana shamba, kijana kutoka Mbeya, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kujiona najua. Kwa kuwa nilikuwa nimepita mafunzo ya mgambo, kijiji kilinikabidhi bunduki yake moja, kuukuu ya enzi za Mwingereza, nilinde shamba la pamoja. Kila alfajiri tulitoka wawili: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akitangulia na debe la kupigia kelele, mimi nyuma yake na bunduki. Njia ilikuwa nyembamba, hatukuweza kwenda sambamba.

Shida ilikuwa kifyatulio. Kilikuwa kigumu mno; mpaka kidole kikivute, nyani amekwisha kuvuka bonde na anatutazama kwa dharau. Kwenye kilabu cha pombe kule Chala askari mmoja mstaafu aliniambia dawa yake: ndani kuna kipembe cha chuma, nikipige tupa kidogo tu, kifyatulio kitakuwa laini. Nilichora alichosema kwenye daftari langu la mbolea. Sikumuuliza mtu wa pili, maana niliona kuuliza mara mbili ni kujidharau.

Tupa sikuwa nayo, na dukani haikuonekana tangu mwaka uliotangulia. Nikaenda kwa mhunzi wa majembe, Mfipa aliyenizidi kama miaka kumi, mtu wa maneno machache na uso wa kukataa. Baba yake alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuyeyusha chuma katika yale matanuri marefu ya udongo ambayo bado yalisimama kilimani. Aliniuliza tupa ni ya nini. Nilipomwambia, akaniamuru risasi zote nizipeleke nje kwa mkewe, kisha akanifungulisha bunduki mara mbili na kutia kidole chake mwenyewe pale risasi inapokaa. Nilikasirika. Nilishamwambia haina kitu.

Tupa hakunipa. Alitaka nivifungue vile vyuma mbele yake, akavitazama muda mrefu, akavirudisha kama vilivyokuwa, akavitoa tena. Halafu akachukua kisu na vipande vya mti, akaanza kuchonga. Kwao wahunzi kitu wasichokijua hakiguswi kwa tupa kabla hakijachongwa kwa mti. Alichonga vielelezo vya vile vyuma viwili vinavyoshikana, vikubwa kama viganja, na jua likapanda sisi tuko pale pale. Nilipiga miayo makusudi, asikie.

Alipomaliza akavipachika kwenye ubao, akakivuta kimoja kwa mpira wa baiskeli, kikawa kinazuiliwa na mwenzake. Akanipa kisu.

"Kata hapa, kama ulivyotaka kukata kule," akasema.

Maji nilikuwa nimekwisha kuyavulia nguo. Nikakata, kidogo tu, kama askari alivyosema. Mhunzi akauinua ubao, akaugotesha chini taratibu, jinsi mtu anavyotua kitako cha bunduki akipumzika. Vile vipande vikaachana vyenyewe. Hakuna aliyevuta chochote.

"Njiani nani anatangulia mbele yako?" akauliza.

Nikasema ni shemeji. Kifo cha mtu kilikuwa kimekaa mahali padogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, na mhunzi wa majembe alikuwa amekitoa akakiweka mbele yangu kwa kisu na kipande cha mti.

Hakunicheka. Aliuliza kifyatulio kinakuwa kigumu saa ngapi. Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Asubuhi, nikasema, mchana huwa afadhali. Akauliza naipaka mafuta gani. Mafuta ya bunduki yalikuwa hayapatikani, basi nilikuwa naipaka mawese yanayopandishwa kutoka ziwani. Akavisogeza vyuma karibu na moto wake. Mawese yaliyogandishwa na baridi ya Ufipa yakaanza kuchuruzika, mekundu, yamejaa vumbi la ulezi. Vilipopoa akavitoa nje, akavifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, tukavirudisha. Kifyatulio kikatii kidole kimoja.

Kwa adabu sasa, nilimuuliza ametengeneza bunduki ngapi za namna ile.

"Hii ndiyo ya kwanza kuiona ndani," akasema. "Si wewe ndiye uliyekuwa unazijua?"

Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa kali. Shemeji akaniuliza kama nimeipiga tupa, maana nilikuwa nimejigamba kwake. Nikamwambia haikuwa na haja. Akatangulia na debe lake, akiimba. Nyani walikula siku ile bila kubughudhiwa, kwa sababu njia nzima sikuangalia shamba. Nilikuwa nauangalia mgongo wake, na koti lililochanika chini ya bega.